Mtaro Mlangoni Kwetu

Jumatatu, 8 Septemba

Leo tingatinga limefika mtaani kwetu. Limeanza kung'oa lami kule juu, kwenye kinu cha posho, likateremka polepole likirundika vipande kando. Nilikuwa kwenye cherehani nikimalizia kola za sare, na kila jino la mashine liliposhuka, mkasi ulicheza juu ya meza.

Aba alitoka chumbani akipapasa ukuta, akasimama mlangoni. Baba yangu haoni. Presha ya macho ililimaliza jicho la kwanza akiwa bado anaendesha lori la mifugo, Isiolo hadi Moyale na kurudi, siku zile barabara ilikuwa mawe matupu. La pili likafuata.

"Ni rangi gani?" akauliza.

"Nini?"

"Hiyo mashine."

"Njano, Aba."

"Ya magurudumu ama ya minyororo?"

Sikuwa nimeangalia. Mashine inanguruma mbele yangu asubuhi nzima na sikuwa nimeangalia inatembelea nini.

Msimamizi wa kazi anaitwa Lodio, mtu wa Ngaremara, mrefu, fulana yake ya riflekta imepauka mpaka haijulikani ilikuwa rangi gani. Alipita duka kwa duka akituambia tuondoe vitu barazani.

"Mama, kufika mvua tutakuwa tumemaliza. Mtaro, matofali ya kabro, taa, miti, kila kitu. Hutajua kama ni hapa."

Jumanne, 9 Septemba

Ya minyororo. Nimemwambia Aba. Amefurahi kama mtu aliyeletewa zawadi. Nimeamua niwe nikiandika haya mchana wateja wakipungua, maana jioni Aba ananihoji na mimi huwa nimesahau.

Ijumaa, 12 Septemba

Wamekata mtaro sambamba na baraza yetu. Ukitoka mlangoni, hatua chache tu, ardhi imeisha. Lodio ameweka ubao mmoja wa kupitia. Unacheza ukiukanyaga. Mteja mmoja alifika katikati, akatazama chini, akarudi kwao.

Kinachoniumiza ni Aba. Mtu huyu ametembea peke yake kwenda msikitini tangu macho yazime, na baada ya swala huteremka hadi kwa fundi wa matairi, wanakokaa madereva wazee. Hashikwi mkono na mtu. Anajua mteremko ulio mbele ya bucha, anajua pale lami ilipokatika karibu na duka la simu, anajua mlio wa kinu ukiwa mgongoni ni kwamba anaelekea vizuri. Sasa hivyo vyote vimepakiwa kwenye lori vikaenda kutupwa.

Nimemwambia asitoke mpaka wamalize.

"Mpaka lini?"

"Wanasema kabla ya mvua."

Ameswali chumbani.

Jumatano, 17 Septemba

Kathure amehamia barazani kwangu. Huyu ni mama Mmeru anayeuza mboga na ndizi ng'ambo ya barabara, mama yake Kinya, binti aliye Meru. Kibanda chake kimebomolewa kupisha kazi. Tumekuwa majirani miaka mingi kwa "habari" na "salama" tu. Leo alivuka ubao akiwa na gunia la sukuma wiki kichwani, akaniita kwa jina la binti yangu aliyeolewa mbali.

"Mama Ikra, naomba kapembe kadogo tu. Wakimaliza natoka."

Sikuweza kukataa, ila sikufurahi. Anaimba nyimbo za kanisani anapopanga nyanya, na maji ya kunyunyizia mboga yanaingia mlangoni kwangu.

Jumanne, 23 Septemba

Aba ameniuliza udongo wanaotoa ni wa namna gani. Nikamwambia udongo ni udongo. Akageuza uso ukutani kwa namna inayonifanya nijione mtoto. Basi nikaenda ukingoni nikaangalia, na kweli si mmoja. Juu kuna changarawe iliyoshindiliwa, chini yake tabaka jekundu, halafu jeusi linalonata. Nikamletea konzi la kila aina kwenye sahani za chai. Aliyasugua kwa vidole, akayanusa, jeusi akaligusisha ulimini.

"Hii nyeusi ndiyo inakula magari," akasema. "Ikinywa maji inavimba. Wameiondoa yote ama wameiacha?"

Ikabidi nitoke tena.

Lodio alinitazama nikichungulia mtaroni mara ya tatu. "Mama, unatafuta kitu?"

"Baba yangu anauliza kama mtaondoa hii nyeusi yote."

Alicheka, halafu akaona sichezi. "Mwambie mzee tunaiondoa. Hiyo ndiyo inatuchelewesha."

Alhamisi, 2 Oktoba

Tingatinga limepasua bomba la maji. Mtaa mzima hauna maji isipokuwa mtaroni, ambako yamejaa.

Ijumaa, 3 Oktoba

Limepasua lingine. Hakuna anayejua mabomba yanapita wapi. Yaliwekwa na watu waliokwisha kustaafu au kufa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeamka nikasikia ukimya. Tingatinga limeondoka. Wamebaki Lodio na vijana wachache wenye sepetu, wamekaa juu ya mirundo ya kabro iliyofungwa kwa nailoni. Nguzo za taa nazo zimeletwa na kusimikwa, za chuma, ndefu, zinang'aa, hazina waya wala stima. Taa zimefika kabla ya barabara.

"Tunangoja watu wa maji," Lodio akasema. "Hatuwezi kufukia juu ya bomba bovu."

"Na wao wanangoja nini?"

"Hiyo, mama, waulize wao."

Jumanne, 14 Oktoba

Nimewauliza. Tulikwenda mimi na Kathure, yeye amevaa viatu vya Jumapili. Watu wa maji walisema wanangoja barua ya barabara. Watu wa barabara walisema barua ilitoka zamani. Tukapelekwa ofisi nyingine, na huko tukampata injinia kijana, Mutwiri, mwenye adabu sana, aliyetukaribisha viti na kutuonyesha picha ya mtaa wetu utakavyokuwa. Ilikuwa picha ya kompyuta. Miti ya kijani, viti vya kupumzikia, watu wembamba wanatembea na mikoba.

Kathure aliinama akaitazama kwa makini. "Na mimi niko wapi hapa?"

Mutwiri akaitazama pia, kana kwamba huenda yumo. "Hii ni ya mfano tu, mama."

"Hata duka la Mama Ikra halipo. Mmeweka ua."

Njiani kurudi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia nikacheka. Kumbe ana kicheko kizuri, na kumbe mumewe alikuwa askari kwenye kambi ya Burat, alifariki Kinya akiwa mchanga. Miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Hakuna kazi. Tofauti na wiki iliyopita ni bendera tu.

Jumatano, 22 Oktoba

Jua kali, vumbi kwenye kila kitambaa. Nakung'uta sare kabla ya kuzikunja, nazikung'uta tena baada ya kuzikunja. Aba hajaomba kuambiwa chochote kwa siku kadhaa. Anakaa kitandani redio ikiwa imezimwa. Chakula anakirudisha nusu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Leo naandika usiku.

Nilikwenda kununua vifungo. Niliporudi chumba cha Aba kilikuwa wazi, fimbo haipo. Kathure alikuwa anampimia mtu vitunguu, hakunitazama usoni.

"Aba yuko wapi?"

Akanyoosha kidole mtaroni.

Nilikimbia ukingoni nikijua nitakachokiona, mzee amevunjika shingo. Nikaona kilemba. Aba alikuwa amesimama chini kabisa, mtaro umemfika kifuani, miguu mitupu, anatembeza viganja kwenye ukuta wa mtaro kama mtu anayetafuta swichi gizani. Lodio alikuwa nyuma yake amemshika kiunoni. Na Aba alikuwa anacheka.

"Kabale! Ni wewe? Kuja ushike! Hapa kuna ile changarawe, hapa kuna nyekundu, na hapa, sikia, hapa kuna mawe ya zamani yamepangwa kwa mkono!"

Nilimrukia Lodio kwa maneno. Sikumbuki yote, ila yale ninayokumbuka hayakuwa mazuri. Nilimwambia ameshindwa kazi, sasa anafanya mchezo na mzee kipofu ili siku ipite. Nilimwambia angekuwa baba yake asingemteremsha shimoni kama mbuzi. Watu walitoka madukani wakasimama kwenye kingo zote mbili. Lodio hakujibu hata neno moja. Alimwinua Aba kwa mikono, akamkalisha ukingoni, akamfuta nyayo kwa riflekta yake, akamvisha viatu.

Ndani ya nyumba Aba alisema polepole, "Mimi ndiye nilimwita. Nilimwomba siku tatu, akikataa."

"Ungeanguka!"

"Ningeanguka. Intala, binti yangu, mimi nimelala chini ya lori kule Turbi wakati risasi zinapita juu. Wewe unaniweka ndani kama nguo ya Idi."

Jumamosi, 25 Oktoba

Haongei nami. Anasema "asante" kwa chai, basi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nilikwenda kwa injinia Mutwiri kumshtaki Lodio. Aliandika. Alisema atamwonya. Nilitoka nikijiona nimefanya haki, lakini nilipofika kona ya kinu sikutaka kupita mbele ya Lodio, nikazunguka nyuma ya bucha kwenye taka.

Alhamisi, 30 Oktoba

Watu wa maji wamekuja! Wamefunga mabomba. Alasiri Lodio na vijana wake wamemwaga zege juu ya mtaro, daraja dogo kutoka ukuta wa jirani yetu mpaka kwenye nguzo ya taa. Wamelifunika kwa magunia mabichi na kuweka miiba ili mtu asikanyage. Mbele yetu bado ni ubao.

Mawingu yamekaa juu ya milima ya Nyambene tangu asubuhi.

Jumapili, 2 Novemba

Aba amekula yote. Aliniomba nimkate kucha. Sijui nini kimembadilisha, na nimeogopa kuuliza nisikiharibu.

Jumanne, 4 Novemba

Matone machache jioni. Harufu ya vumbi lililolowa. Kila mtu alitoka nje kuinusa, hata Aba mlangoni. Kathure alisema, "Mungu amekumbuka," na Aba akajibu, "Amin," na mimi nikautazama mtaro ulio wazi.

Alhamisi, 6 Novemba

Jana sikuweza kuandika. Naandika sasa nikiwa kwa Kathure, kwenye kitanda cha Kinya, na Aba amelala upande wa pili wa pazia akikoroma. Nitaeleza kama ilivyokuwa.

Jana baada ya adhuhuri nilivuka kwenda duka la vifaa kununua uzi. Mbingu ya mjini ilikuwa na jua. Ila kule Nyambene ilikuwa nyeusi tangu alfajiri, na mvua ya kule haingoji mtu hapa. Nilikuwa nachagua rangi niliposikia watu wakipiga kelele juu ya mtaa. Nikatoka nje, nikaona maji.

Hayakuja kama mto, yalikuja kama zulia linalokunjuliwa, rangi ya chai ya maziwa, yamebeba vijiti, chupa na nailoni za kabro. Yaliingia mtaroni kwanza. Mtaro ukajaa mara moja kwa sababu kule chini bado haujafunguliwa, hauna pa kutolea. Halafu yakapanda yakafunika kila kitu, mpaka hapakuwa tena na mtaro wala barabara, ni maji matupu ukuta kwa ukuta. Ndipo mvua yenyewe ikafika juu yetu.

Nyumba yetu ina mlango mmoja tu, wa mbele. Nilimwona Kathure barazani akivuta magunia yake. Nikaona ubao wetu ukiinuka upande mmoja, ukageuka, ukaenda zake. Kisha nguzo ya baraza, ile ya kona, ikaanza kuzama. Haikuanguka, ilizama. Maji yalikuwa yanakula udongo chini yake, na mabati ya paa yakainama nayo. Ukuta wa mbele ukapasuka kutoka dirishani hadi chini, nikausikia mlio wake toka ng'ambo.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. "Mama Kinya! Aba yuko ndani! Mtoe!"

Alinisikia. Alikuwa na nafasi ya kukimbilia duka la jirani, ukuta wao ni imara. Badala yake aliingia ndani ya nyumba inayopasuka.

Nilitaka kuingia majini. Mwenye duka alinishika mikono miwili kwa nyuma. Na kweli ningeingia wapi? Sikuona ukingo uko wapi. Mtaa ambao nimeutazama kila siku nikiandika, sikujua hata hatua moja yake.

Lodio akaja akikimbia na kamba, vijana wawili nyuma yake. Alifunga kamba kwenye nguzo ya taa, akajifunga kiunoni, akaingia mpaka maji yakamfika mapajani, akasimama pale.

Ndipo wakatokea mlangoni. Aba mbele, amekunja kikoi, bila viatu, bila fimbo. Mkono wa kushoto uko ukutani. Wa kulia umeshika kifundo cha mkono cha Kathure, na Kathure amefumba macho kabisa. Baadaye aliniambia anaogopa maji tangu utotoni.

"Aba, simama!" nililia. "Ubao haupo!"

Hakugeuka hata kidogo. Alishuka barazani akaenda kushoto, akiambaa na ukuta wetu, halafu ukuta wa jirani, taratibu, kila mguu ukipapasa kabla ya kukanyaga. Maji yalimpiga magotini. Alipofika mahali fulani, mahali ambapo mimi niliona maji tu kama mahali pengine pote, alisimama, akainua kichwa.

"Lodio!"

"Mzee!"

"Zege limeshika?"

"Limeshika, mzee! Pita!"

"Basi gonga!"

Lodio alichukua sepetu kwa kijana wake akaanza kugonga nguzo ya taa. Chuma kwa chuma, polepole, kama kengele. Aba akageuza uso kuelekea ule mlio, akauacha ukuta, akaingia katikati ya maji.

Nilifumba macho. Nilipofumbua, Lodio alikuwa amewakumbatia wote wawili, na Kathure alikuwa analia na kumshukuru Yesu, na Aba alikuwa anauliza nani amebaki ndani.

Nyuma yao baraza yetu ilikwenda chini yote, mabati kwa mbao. Ukuta ulisimama kidogo zaidi kisha upande mmoja ukaangukia ndani, juu ya meza yangu ya kukatia. Sare za shule za Januari zilikuwa juu ya hiyo meza. Cherehani imetolewa leo, imejaa tope, gurudumu linazunguka.

Jana hiyohiyo, tukiwa kwa Kathure tumejifunga leso zake, alinisogelea na kikombe cha uji.

"Mama Ikra, usinikasirikie. Kila asubuhi ukienda sokoni, huyu mzee alikuwa anatoka na Lodio. Tangu zege likauke. Anamshika bega, wanaenda kwa ukuta, wanavuka, wanafika kwa nguzo, wanarudi. Lodio anagonga nguzo, mzee anaifuata. Hata watu wa bucha walikuwa wanajua."

"Baada ya mimi kumshtaki?"

"Baada ya wewe kumshtaki."

Nilitaka kukasirika nikakosa pa kuanzia. Mtaa wote ulijua ila mimi. Kama wangenisikiliza, Aba angekuwa amekaa kitandani akingoja nije nimshike mkono, na mimi nilikuwa ng'ambo nimeshikwa mikono.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimempelekea Lodio chai ya maziwa ya ngamia na chapati. Alikuwa anachota tope mtaroni na wenzake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi.

"Lodio, yale niliyosema siku ile..."

"Mama, hiyo chai inapoa."

Alikunywa akiwa amesimama. Halafu akasema, akitazama kikombe, "Baba yangu pia alikuwa hivyo. Sio macho, miguu. Tulimweka ndani, tukamletea kila kitu. Hakumaliza mwaka." Akanirudishia kikombe. "Sikujua nitakueleza aje, ndiyo maana nilinyamaza."

Jumanne, 11 Novemba

Mvua. Kinya amekuja kutoka Meru kutusaidia, amemzoea Aba mara moja. Mafundi wanajenga ukuta wetu.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua.

Jumatano, 19 Novemba

Mtaro umefunguliwa chini, sasa maji yanapita yakiimba. Wameanza kupanga kabro. Nimegundua jambo. Mtu anayepanga hatazami ile anayoiweka, anatazama ile ya mbele yake, mkono unaweka wenyewe. Nilisimama kumtazama mpaka chai ikamwagika jikoni. Nilipomweleza Aba, aliniuliza zinalala kwa mtindo gani, nikajua kujibu kabla hajamaliza.

Jumatatu, 1 Desemba

Wamefika mbele yetu, wamepita. Baraza mpya, mlango mpya. Kathure ameonyeshwa pa kuweka kibanda chake ng'ambo. Nilimwambia anaweza kubaki kwangu.

"Na maji ya mboga?"

"Nitaweka kizingiti."

Amebaki.

Jumatano, 3 Desemba

Taa ziliwashwa jana magharibi. Watu walishangilia. Aba aliniuliza kama zina mlio. Hazina.

Lodio na watu wake wamehamia mtaa wa nyuma. Asubuhi nilisikia tingatinga likianza huko, na mama mmoja akipiga kelele kuhusu baraza yake.

Alhamisi, 4 Desemba

Leo Aba alivaa koti, akachukua fimbo.

"Naenda kwa madereva," akasema. Hakuwa anaomba.

Nilikuwa na sindano mdomoni. Kila kitu ndani yangu kilitaka kusimama. Niliitoa sindano nikasema, "Haya, Aba."

Kathure alinitazama. Tulimtazama wote wawili akishuka mtaani, fimbo ikigonga kabro, tik tik tik, mpaka akapita bucha. Kisha nikarudi kwenye cherehani nikashona mfuko upande usiofaa.

Adhuhuri ikapita, hakurudi. Nikajiambia mazungumzo yamekolea. Alasiri ikapita. Nikamtuma Kinya kwa fundi wa matairi. Alirudi anahema. Aba hakufika huko kabisa.

Nilitoka bila kujifunga mtandio vizuri. Nilipofika chini ya mtaa ndipo nikaona tulichofanyiwa. Mteremko wa bucha haupo, wameusawazisha. Lami iliyokatika haipo. Njia za kuingilia madukani zote zina upana mmoja, kona zote zimekatwa mviringo mmoja, na kila kabro ni sawa na mwenzake hadi mwisho wa macho. Barabara nzuri. Ningekuwa na fimbo tu, ningejuaje niko wapi?

Nikauliza kila mlango. Mwenye duka la simu alimwona akipita. Kinyozi alimwona akipanda ngazi za lile jengo jipya la kona, akadhani anakwenda kwa daktari wa meno.

Nikapanda. Kulikuwa na mlango wazi na vicheko. Ni shule ya udereva. Vijana wapatao kumi, wasichana kwa wavulana, wamezunguka meza kubwa iliyochorwa mji mzima juu yake, barabara, njia panda, mzunguko katikati, na magari madogo ya kuchezea wanayojifunzia sheria. Aba alikuwa amekaa kitini, koti limetundikwa nyuma yake, kikombe cha chai ubavuni. Vidole vyake vilikuwa juu ya meza, vinafuata kingo za barabara ndogo.

"Na hapa nikifika nampisha nani?" alikuwa anauliza.

"Wa kulia kwako, mzee. Aliye ndani ya mzunguko," akajibu mwalimu, kijana anayeitwa Abdinajib.

"Wa kulia. Siku zangu ulikuwa unampisha mwenye lori kubwa." Wanafunzi wakaangua kicheko. "Nipe tena. Nirudishe mwanzo."

Abdinajib aliniona mlangoni. "Mama, ni mzee wako? Alipotea njia akaingia hapa kuuliza. Tulitaka kumleta nyumbani, amekataa."

"Kabale," Aba akasema bila kugeuka. Alinijua kwa pumzi, nadhani. "Njoo uone. Mji mzima uko hapa, unashikika. Mji wote, intala."

Nilikuwa nimekuja na maneno. Nilikuwa na machozi tayari pia. Nikayatazama macho yake yasiyoona, yameelekea dirishani, na vidole vyake vimekaa juu ya lori dogo jekundu lililobanduka rangi.

"Twende nyumbani, Aba. Jua linashuka."

"Tutaenda. Kaa kwanza."

"Wapi?"

"Mbele, upande wa turniboi." Akagonga kiti kilicho kando yake, mahali pa utingo wa lori. "Panda. Tunapitia Archer's, Laisamis tunakunywa chai, Marsabit tunalala."

Msichana mmoja akanisogezea kiti. Nikakaa, begani kwa baba yangu. Akasukuma lori kwa kidole mpaka mwanzo wa barabara, akalisimamisha, akaniuliza kama mlango wangu umeshika vizuri.

Nikauvuta. Nikamwambia umeshika.